Barua ya Wazi kwa Meya na Madiwani Kuhusu Ruzuku ya Vikundi vya Sanaa

Kwa Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa Madiwani wa Baraza la Jiji,
na Mkuu wa Idara ya Utamaduni.

YAH: UCHELEWESHAJI WA RUZUKU YA SANAA NA UTARATIBU WA KUIGAWA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia nikiwa mratibu wa kikundi cha maigizo ambacho kimefanya kazi katika jiji hili kwa miaka 12. Barua hii ni ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa barua pepe. Ya tatu tuliiandika pamoja na viongozi wa vikundi vingine vitano, sote tukatia saini. Hakuna iliyojibiwa. Nilipokwenda kuulizia, siku moja niliambiwa kwamba jalada limehamishiwa ofisi nyingine, siku nyingine kwamba mhusika yuko safarini, na mara ya mwisho kwamba nirudi nyumbani nisubiri kupigiwa simu. Fedha tunazozizungumzia ni za wakazi wote, na kwa kuwa njia za ofisini zimekwisha, nimeona ni haki jambo hili lisemwe mbele ya wakazi hao.

Nianze kwa kutambua kwamba baraza limetimiza wajibu wake wa kwanza. Kwa miaka mitatu mfululizo limepitisha kifungu cha ruzuku ya sanaa, na wapo madiwani waliosimama kukitetea pale ilipopendekezwa kifutwe. Tunawashukuru, na katika barua hii siombi kifungu hicho kiongezwe hata kidogo. Ninachokilalamikia ni safari ya fedha hizo tangu siku zinapopitishwa hadi siku zinapomfikia msanii, kwa sababu humo njiani, fedha ambayo baraza liliitenga kwa kura inageuka kuwa fadhila ambayo msanii lazima aifuatilie, aibembeleze na kuingojea bila kujua siku. Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Ruzuku inafika baada ya kazi kupita

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na mniwie radhi nikilieleza kwa urefu.

Mwaka juzi kikundi chetu kilipokea barua ya kukubaliwa ruzuku katika mwezi wa tatu. Ombi letu lilikuwa la kuandaa mchezo kwa ajili ya wanafunzi wa shule za sekondari, uoneshwe mwezi wa sita, na tarehe hizo ziliandikwa waziwazi katika fomu ambayo idara iliipitisha. Tukaanza mazoezi. Tukakodi ukumbi, tukampa mshoni kazi ya maleba, tukakubaliana na fundi wa taa, tukaziandikia shule kuzijulisha siku. Mwezi wa nne tuliambiwa kwamba hundi inaandaliwa. Mwezi wa tano tuliambiwa kwamba saini moja imebaki. Mwezi wa sita tulionesha mchezo kwa fedha za kukopa, kwa kuwa wanafunzi walikwisha kutangaziwa na hatukuona namna ya kuwaambia kwamba jiji bado halijatia saini. Fedha ziliingia mwezi wa 11.

Miezi mitano hiyo si muda mtupu. Mshoni wa maleba, ambaye anaishi kwa sindano yake, alikuja mazoezini mara tatu kudai malipo yake, na mara ya tatu alikuja na mtoto wake ili tuone kwa macho anachokihangaikia. Fundi wa taa hafanyi kazi nasi tena. Waigizaji wetu wawili, vijana tuliowafundisha tangu wakiwa hawawezi kusimama jukwaani bila kutetemeka, waliacha wakaenda kutafuta vibarua vinavyolipa kila jioni, na siwalaumu. Ruzuku ilipoingia ilitumika yote kulipa deni, pamoja na riba ya deni, na riba hiyo haimo katika matumizi ambayo idara inayatambua. Kwa hiyo kikundi kilichopewa ruzuku kilimaliza mwaka kikiwa maskini kuliko kilivyouanza.

Vyombo vikubwa vya sanaa huweza kustahimili ucheleweshaji wa namna hii. Jumba la maonesho lenye jengo lake, akiba yake benki na mapato ya tiketi litakopesheka, litasogeza malipo ya huyu na yule, litavuka. Kikundi cha watu wanane hakina cha kuweka rehani isipokuwa uaminifu wake kwa mshoni na fundi, na uaminifu huo ukishavunjika mara moja, mwaka unaofuata hakuna anayekubali kushona kwanza alipwe baadaye. Idara inaweza kudhani kwamba fedha kufika mwezi wa 11 badala ya mwezi wa tano ni fedha ileile. Kwa kikundi kidogo sivyo: ile ya mwezi wa tano inatengeneza mchezo, na hii ya mwezi wa 11 inazika madeni ya mchezo.

2. Utaratibu wa kulipwa baada ya kuleta risiti

Tangu mwaka jana sehemu kubwa ya ruzuku hutolewa baada ya kikundi kutumia fedha zake chenyewe na kuwasilisha risiti. Nia yake naielewa, nayo ni kuzuia fedha za umma zisipotee. Lakini matokeo yake ni kwamba kikundi kisicho na mtaji ndicho kinachoikopesha halmashauri, tena kwa muda usiojulikana, na kikundi kinachoshindwa kukopesha kinahesabiwa kuwa hakikutekeleza mradi. Ninavijua vikundi viwili vya ngoma ambavyo vilikubaliwa kwa barua, vikashindwa kutanguliza gharama, kisha vikaandikwa katika orodha ya walioshindwa. Mwaka huu havikuomba tena. Takwimu za idara zitaonesha kwamba maombi yamepungua, na yeyote asiyejua sababu atadhani kwamba uhitaji umepungua.

3. Waamuzi hawajulikani na sababu hazitolewi

Hadi leo hakuna mwombaji anayejua ni akina nani waliosoma ombi lake, walitumia vigezo gani, na walimpa alama ngapi. Barua ya kukataliwa tuliyoipata mwaka jana ilikuwa na sentensi moja. Sikuandika haya kudai kwamba tulistahili kupewa. Huenda ombi letu lilikuwa dhaifu, na kama lilikuwa dhaifu tungependa kujua wapi, ili la mwaka huu liwe imara zaidi. Usiri wa namna hii unawaumiza hata waliopata, kwa sababu kikundi kinachopewa ruzuku bila sababu kutajwa hunong'onwa mitaani kwamba kina mtu wake ndani, na hakina namna ya kujisafisha.

Jambo hili halihitaji kubuniwa upya. Uingereza ilipounda Baraza la Sanaa mwaka 1946, kutokana na baraza lililokuwapo tangu miaka ya vita, msingi uliowekwa ulikuwa kwamba serikali inatoa fungu la jumla na baraza hilo ndilo linaloamua nani apate, ili mwanasiasa asimchagulie msanii wala msanii asimlipe mwanasiasa kwa sifa. Msingi huo umekuwa na kasoro zake na umelalamikiwa miaka mingi, hasa na wasanii walio mbali na mji mkuu waliohisi kwamba mabwana wa London wanajipendelea. Hata hivyo, umetenganisha mkono unaotenga fedha na mkono unaochagua kazi. Katika jiji letu, kwa utaratibu wa sasa, mikono hiyo miwili ni ya ofisi moja.

4. Fomu moja kwa wakubwa na wadogo

Fomu ya maombi ina kurasa 31. Inadai hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa kwa miaka mitatu, mpango mkakati na wasifu wa wajumbe wa bodi. Chombo chenye mhasibu kinaijaza kwa siku mbili. Kwaya ya mtaa, au kikundi cha vijana wanaochora kuta, kinapaswa kumlipa mkaguzi ambaye ada yake inaweza kukaribia ruzuku yenyewe inayoombwa. Nimewahi kukaa na mama mmoja anayeongoza kundi la wasimulizi wa hadithi, tukijaribu kuandika "mpango mkakati" wa kazi ambayo ameifanya kila Jumamosi kwa miaka mingi bila karatasi yoyote, na nikaona aibu kwa niaba ya jiji langu.

Miji mingine imelitatua hili kwa kuvigawa vikundi kwa ukubwa. Mwaka 1988, wapiga kura wa Denver na maeneo yanayoizunguka, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, walikubali kodi ya mauzo ya asilimia 0.1 kwa ajili ya taasisi za sayansi na utamaduni. Fedha hizo hugawanywa katika ngazi tatu: taasisi kubwa kabisa, za kati, na vikundi vidogo vya mitaani, na ngazi hii ya mwisho huamuliwa na mabaraza ya utamaduni ya kaunti, yaani watu walio karibu na vikundi vyenyewe. Mdogo hashindanishwi na jumba la makumbusho. Tunachokiomba hapa ni kidogo kuliko hicho, kwa kuwa hatuombi kodi mpya. Tunaomba fomu fupi kwa ombi dogo.

5. Ruzuku ya tukio moja

Vigezo vya sasa vinakataza ruzuku kutumika kwa kodi ya pango, umeme au posho ya mratibu. Vinaruhusu gharama za tukio tu. Tukio huonekana na hupigwa picha, nami nafahamu kwa nini linapendwa. Ila mchezo wa saa moja una miezi minne ya mazoezi nyuma yake, na mazoezi hayo hufanyika mahali penye paa na taa. Jiji likikubali kugharamia matunda peke yake, mti utamwagiliwa na nani?

6. Kumbi za jiji

Kumbi tatu za jiji hufungwa jioni, saa ambazo wasanii wengi, wenye kazi nyingine mchana, ndipo wanapoweza kufanya mazoezi. Kuzifungua kunahitaji mlinzi na ratiba. Naliacha hapo.

Waheshimiwa, ninajua majibu ambayo huenda mtapewa kuhusu barua hii, kwa sababu baadhi yake nimekwisha kupewa mimi nikiwa nimesimama kaunta.

Litakuja jibu kwamba fedha ni chache, na kwamba zahanati na barabara hutangulia. Sibishani na zahanati. Mama yangu alitibiwa katika zahanati ya jiji na ninajua thamani yake. Lakini fedha za kifungu hiki zilikwisha kupitishwa, na kuzichelewesha miezi minane hakujengi zahanati hata moja. Ikiwa baraza litataka siku za usoni kukipatia kifungu hiki chanzo chake chenyewe, ili kisishindanishwe na dawa kila mwaka, mfano upo: San Francisco tangu mwaka 1961 imekuwa ikitumia sehemu ya kodi inayolipwa na wageni wa hoteli kuvisaidia vikundi vya sanaa vya mji huo. Mgeni anayekuja kuona mji anachangia kidogo kazi ya watu wanaoufanya mji huo ustahili kutembelewa.

Litakuja jibu kwamba sanaa ijitegemee kama biashara nyingine, na kwamba mchezo mzuri utauza tiketi. Jibu hili nimelisikia kwa watu waungwana wenye nia njema, na linastahili kujibiwa kwa hoja. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini maonesho ya jukwaani hayawezi kufuata njia ya kiwanda. Kiwanda hupata mashine mpya, mfanyakazi mmoja akazalisha vitu vingi kuliko jana, na mshahara wake ukapanda bila bei kupanda. Lakini muziki ulioandikwa kwa wapigaji wanne bado unahitaji wapigaji wanne na dakika zilezile ulizohitaji zamani. Hakuna mashine itakayoufanya upigwe na watu wawili kwa nusu ya muda na bado ukawa ule ule. Wakati huohuo wapigaji hao wanaishi katika mji ambamo mishahara na kodi za nyumba zinapanda kwa wote, kwa hiyo gharama ya onesho itazidi kupanda kuliko bei ambayo mtazamaji wa kawaida anaweza kuilipa. Tukiiachia tiketi peke yake izibe pengo hilo, onesho litabaki kuwa la wenye uwezo. Wanafunzi waliouona mchezo wetu mwezi ule wa sita hawakulipa kitu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona mwigizaji akiwa hai mbele yao.

Hapo ndipo ninapokumbuka kwamba Kifungu cha 27 cha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinamtaja kila mtu, bila kutaja uwezo wa mfuko wake, kinaposema juu ya haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni ya jamii na kufurahia sanaa.

Litakuja pia jibu kwamba vikundi vidogo havitunzi hesabu. Hili lina ukweli na sitalificha. Ninakijua kikundi kilichochukua awamu ya kwanza ya ruzuku na kisitoe taarifa hadi leo, na kila tunapodai utaratibu mwepesi tunaoneshwa jalada lake. Kikundi hicho kifuatiliwe na kidaiwe. Lakini dawa yake ni awamu ndogo zinazofuatana, kila moja ikifunguliwa na taarifa ya ile iliyotangulia, pamoja na siku mbili za mafunzo ya utunzaji wa hesabu kabla ya fedha ya kwanza kutolewa. Vikundi sita vilivyotia saini barua ya tatu viko tayari kuhudhuria mafunzo hayo kwa gharama zao, na viko tayari kufungua madaftari yao kwa mkaguzi wa jiji siku yoyote.

Mwisho mtaambiwa kwamba idara ina watumishi wachache. Naamini. Nimewaona maofisa wawili wakifanya kazi ya watu sita, na mmoja wao amekuwa mwungwana kwangu kila nilipofika, hata aliposhindwa kunisaidia. Lakini ofisi yenye watu wachache isingejitwisha fomu ya kurasa 31, na kila simu wanayopigiwa na kikundi kuulizia hundi ingeepukwa kwa tarehe moja iliyotangazwa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo, na tumeyapanga kwa kuanza na lile lisiloweza kungoja.

Kwanza, ruzuku zote zilizokubaliwa kwa barua katika mwaka huu wa fedha na ambazo bado hazijalipwa zilipwe ndani ya siku 30 tangu leo, au kila kikundi kiandikiwe sababu na siku ya kulipwa.

Pili, kuanzia mwaka ujao wa fedha, idara itangaze kalenda yenye siku ya mwisho ya maombi, siku ya majibu na siku ya malipo, na angalau nusu ya ruzuku itolewe kabla ya kazi kuanza. Siku ya malipo ikipita, kikundi kiruhusiwe kusogeza tarehe ya onesho bila kuandikwa miongoni mwa walioshindwa.

Tatu, maamuzi yafanywe na jopo ambalo wajumbe wake wanatangazwa kwa majina, wakiwamo wasanii wasioomba ruzuku mwaka huo, na mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji atoke chumbani wakati ombi hilo linapojadiliwa. Kila mwombaji apewe alama zake na maelezo ya sababu, hata kama ni nusu ukurasa.

Nne, iwepo fomu ya kurasa tatu kwa maombi madogo, isiyodai hesabu zilizokaguliwa, na sehemu ya kifungu itengwe kwa maombi hayo peke yake. Vikundi ambavyo vimekamilisha miradi miwili na taarifa zake viruhusiwe kuomba ruzuku ya miaka mitatu inayogharamia pia pango na umeme.

Tano, kumbi za jiji zifunguliwe jioni mbili kwa juma kwa ajili ya mazoezi, kwa ratiba itakayobandikwa mlangoni. Hili linaweza kuanza mwezi ujao.

Nakala za barua tatu zilizotangulia, pamoja na barua ya kukubaliwa ruzuku na taarifa ya benki inayoonesha siku fedha zilipoingia, ninazo, na nitazikabidhi kwa diwani yeyote atakayezihitaji. Tunaomba pia nafasi ya dakika kumi katika kikao cha wazi cha baraza kitakachojadili bajeti ya mwaka ujao. Tukipewa nafasi hiyo tutakuja watu sita, mmoja kwa kila kikundi, na mshoni wetu wa maleba amekubali kuja nasi ili aeleze kwa kinywa chake mwenyewe miezi ile mitano ilivyokuwa.

Wenu katika kulijenga jiji,

Mratibu wa kikundi cha maigizo,
kwa niaba ya vikundi sita vya sanaa vilivyotia saini barua ya tatu.

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Baraza la Jiji.